Ng'ombe wa machungani au wa kunenepeshwa? Hesabu ya wanaochangia ng'ombe mzima

Sisi ni kaya saba za mtaa mmoja hapa Dar es Salaam, na mara mbili kwa mwaka tunachangia ng'ombe mzima: kabla ya Idi ya kuchinja na kabla ya Krismasi. Saba ilianzia kwa wenzetu wa Idi, maana ng'ombe mmoja wa udhiya huchangiwa na watu saba, ikazoeleka hata Desemba. Kila tukikaribia kutoa pesa, ubishi ni uleule. Mzee wetu mmoja, mtu wa Kongwa, hataki kusikia habari ya ng'ombe aliyefungiwa zizini akalishwa pumba. Kwake nyama ni ya ng'ombe aliyetembea. Mama wa nyumba ya pili, ambaye ndiye mpishi, humjibu kwamba huyo aliyetembea ataendelea kutembea sufuriani saa tatu nzima, na mkaa nani ananunua?

Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka kadhaa, nikanunua kwa mtindo wa huyu na kwa mtindo wa yule. Naona kila mmoja ana haki kwa nusu ya mwaka.

Kwanza tuelewane tunabishania nini, maana sehemu ya ubishi huu tumeuazima Marekani. Kule ng'ombe wengi humalizia siku zao kwenye mazizi makubwa wakila mahindi, na homoni za kukuzia zinaruhusiwa. Ndiyo maana mnunuzi wa kule yuko tayari kuongeza pesa ili apate wa majani, ingawa hata kule neno lenyewe lina utata: Januari 2016 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliachana na kiwango chake rasmi cha nyama ya ng'ombe wa majani. Hapa kwetu mahindi ni ugali. Ng'ombe wa kunenepeshwa hapati punje, anapata masalio ya viwanda: pumba za mahindi, mashudu ya pamba au ya alizeti, molasi kutoka viwanda vya sukari, na nyasi kavu. Usukumani kazi hii ina miaka mingi. Pamba ikishavunwa na kuchambuliwa, mashudu na makapi hujaa Shinyanga na Mwanza wakati uleule ambao malisho yanakauka, basi mtu ananunua maksai waliokonda, anawafungia miezi mitatu hivi, anawauza wamejaa. Kwa hiyo ng'ombe wetu wa "nafaka" naye kalelewa machungani karibu maisha yake yote, na zizini amekaa siku za mwisho tu.

Sasa pesa. Mnadani Pugu bado unauziwa sana kwa jicho. Dalali anampiga ng'ombe kofi la mgongo, anataja bei, wewe unakadiria. Wanenepeshaji wengi wao wanapima kwa mizani na kukutajia bei ya kilo moja ya uzito hai. Ukizilinganisha bei hizi mbili bila kalamu utapotea, kwa sababu kilo ya ng'ombe mzima si kilo ya nyama. Zebu wetu, yaani ng'ombe wa nundu, wa machungani, akishachunwa na kutolewa matumbo, kichwa na miguu, kinachobaki kwenye ndoano ni kama asilimia 48 ya uzito wake, na akiwa amekonda hushuka chini ya hapo. Aliyenenepeshwa vizuri hufika 53 au zaidi kidogo. Chukua mfano wa ng'ombe wa kilo 280: kwa kiwango cha kwanza unapata kilo 134 za nyama na mifupa, kwa cha pili kilo 148. Tofauti ni kilo 14.

Maana yake, wa kunenepeshwa anaweza kuuzwa ghali zaidi kwa takriban asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito hai na bado mkawa mmelipa bei ileile kwa kilo ya kwenye ndoano. Ikizidi hapo, mnalipia ulaini. Ila hesabu hii ina mtego mmoja: sehemu ya hizo kilo 14 ni mafuta. Mwaka tuliochukua wa zizini, mafuta ya figo peke yake yalijaza beseni, na kwenye kugawa mafungu hakuna aliyeyataka isipokuwa kijana mmoja wa chipsi. Kama nyumbani kwenu mafuta yanakatwa na kutupwa, hiyo asilimia 10 ihesabuni kuwa 5.

Upande wa sufuria, mama mpishi ana ushahidi. Mwaka mmoja ilitokea tukawa na nyama za aina zote mbili siku moja, akazibandika kwenye majiko mawili yanayofanana, vipande vya paja kwa paja. Ya zizini iliiva ndani ya saa moja. Ya machungani ilipofika saa mbili bado ukiichoma kwa uma inausukuma uma. Lakini mchuzi wa hiyo ngumu ulikuwa na rangi, mzito, na harufu yake ilifika barabarani. Ule mwingine ulihitaji kusaidiwa na nyanya na pilipili hoho. Mafuta yaliyoelea juu yalikuwa ya njano kwenye sufuria moja na meupe kwenye nyingine. Wako wanunuzi wanaoyakimbia mafuta ya njano wakidhani ng'ombe alikuwa na homa ya manjano. Mara nyingi ni rangi ya majani mabichi tu, karotini ileile iliyomo kwenye karoti.

Hata hivyo mama hakumtendea haki mzee katika jaribio lile. Ugumu wa nyama yetu hautokani na majani peke yake. Mfugaji hauzi ng'ombe kwa sababu ameiva kuuzwa. Anauza ada ya shule ikifika au mtu akiugua, na ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa na miaka sita au saba. Huyo hata umlishe keki atabaki mgumu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza alikula nini, mfunueni mdomo. Meno ya mbele ya chini ya utoto huanza kubadilika mawili mawili tangu kwenye miaka miwili hivi, na yakishatimia manane makubwa, huyo ni mtu mzima wa miaka minne na kuendelea. Maksai wa machungani mwenye meno mawili au manne atamshinda kwa ulaini dume zee la zizini.

Afya ndiyo hoja inayopigiwa kelele zaidi, na ndiyo naipa uzito mdogo. Ni kweli nyama ya majani ina mafuta kidogo, ina mafuta ya aina ya omega-3 nyingi kuliko ya nafaka, na vitamini E zaidi. Lakini "nyingi kuliko" ya kitu kidogo bado ni kidogo. Anayetafuta omega-3 anunue dagaa; fungu moja la dagaa litamfikisha mbali kuliko sahani nzima ya nyama ya ng'ombe wa Kongwa. Kuhusu dawa, mzee anaamini wa machungani ni msafi. Wafugaji wengi huwachoma ng'ombe wao sindano wenyewe, na oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, inauzwa duka la mifugo kama panadoli. Zile za kukaa muda mrefu mwilini mara nyingi zina masharti ya kungoja hadi wiki nne kabla ya kuchinja, na mtu mwenye haraka ya ada hangoji. Zizini angalau kuna mtu mmoja wa kumuuliza ng'ombe huyu alichomwa lini, kama atakwambia ukweli. Huko nako kuna lake: pumba na mashudu yaliyopata unyevu huota ukungu na kubeba sumukuvu. Tatizo hilo ni kubwa zaidi kwenye maziwa kuliko kwenye nyama, lakini ukifika zizini na kukuta magunia yananuka uvundo, geuza gari. Na "machungani" ya pembezoni mwa jiji usiyaamini kabisa. Ng'ombe anayechungwa kati ya nyumba na nyumba mara nyingi malisho yake ni jalala.

Mzee ana hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi kuliko ya dawa: kwamba nyasi ni za Mungu na pumba zina bei. Zamani labda. Leo nyasi nazo zina bei, isipokuwa hailipwi mnadani. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa na mifugo yao kwenye bonde la Usangu, Mbeya, kwa ajili ya maji ya Mto Ruaha Mkuu, na ugomvi wa wakulima na wafugaji kule Kilosa unajulikana. Ng'ombe anayekaa miaka sita ndipo achinjwe anakunywa, anakanyaga na kucheua muda mrefu kuliko anayemalizwa akiwa na miaka mitatu. Upande wa pili, mashudu kugeuka nyama ni bora kuliko mashudu kuoza nyuma ya kiwanda.

Kinachoamua kwangu ni mwezi. Ng'ombe wengi wanaofika Pugu wanatoka Dodoma, Singida, Tabora na Kanda ya Ziwa. Dodoma na Singida mvua ni moja, kati ya Desemba na Aprili. Wa huko wa machungani akishushwa Pugu mwezi Mei au Juni ameshiba miezi minne, nundu imesimama, bei haijapanda. Huyo ni bora kuliko wa zizini kwa karibu kila kitu isipokuwa mishikaki, na Idi ya kuchinja miaka hii inaangukia hapohapo. Desemba ni kinyume chake. Ng'ombe huyohuyo amepitia kiangazi chote, mvua ndiyo kwanza imeanza, mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye lori njia nzima, na mji wote unatafuta nyama ya sikukuu. Asilimia 48 niliyoitaja inakuwa ndoto. Krismasi, kama mfuko unaruhusu, chukueni aliyenenepeshwa.

Mwaka tulioharibu tulimchukua wa machungani Desemba, tukachinja alfajiri, na kufikia saa nne kila mtu alikuwa ameshapeleka fungu lake kwenye friza likiwa bado na moto wa mwili. Ilikuwa ngumu kupita kiasi hata kwa viwango vya mzee. Nilikuja kuelewa baadaye: nyama iliyochinjwa ikipigwa baridi kali kabla haijakakamaa na kulegea yenyewe, misuli hujikunja ikagoma. Ng'ombe mkondefu ndiye huathirika zaidi, maana hana mafuta ya kumfunika yampoze taratibu. Kwa joto la Dar huwezi kuitundika uani ingoje, kwa hiyo kabla ya kununua tafuteni bucha au machinjio yenye chumba cha baridi ambapo itaning'inia siku moja, ikiwezekana mbili au tatu, ndipo ikatwe mafungu. Gharama ya kuitundika tumegawana mara mbili sasa, na hakuna aliyelalamika.

Ya Desemba hii tumeshakubaliana: wa zizini, meno yasizidi manne, tulipe kwa kilo ya ndoano na si kwa jicho. Mzee ametia saini kwa shingo upande, akaweka sharti moja. Kichwa na miguu yote minne apewe yeye, kongoro la sikukuu atalipika mwenyewe, na mama wa nyumba ya pili asimhesabie mkaa.