Lamu Iulizwe Kabla Mtambo Haujaanza Kuamua

Ndugu na jamaa walioko Lamu, pwani ya Kenya, huniuliza mara kwa mara, hasa tangu akili unde, yaani AI, ilipoanza kutajwa kila siku redioni, kama huku Uholanzi serikali imekwisha kuipa mitambo kazi ya kuamua mambo ya watu, na kama mwananchi wa huku analindwa kuliko wa kwetu. Jawabu langu lina pande mbili, na upande mmoja bila ya mwingine hupotosha. Huku Rotterdam ninakoishi, mtu anaweza kujua ni mfumo gani unaotumiwa, na ofisi gani, kwa kazi gani. Lakini njia hiyo ilipatikana baada ya maelfu ya familia kuumizwa. Kwetu Lamu mwananchi hana orodha kama hiyo ya kutazama, lakini tuna jambo ambalo watu wa huku hawakuwa nalo walipolihitaji: tumekwisha kwenda mbele ya sheria na kupata hukumu kwamba mradi mkubwa hauwezi kuanzishwa bila ya wenyeji kuulizwa kwa dhati. Ninaamini kwamba jambo hili la pili ndilo zito zaidi, na kwamba akili unde inapaswa kuwekwa chini ya kanuni ile ile tuliyoipigania kwa bandari na kwa makaa ya mawe.

Nianze na ya huku. Serikali ya Uholanzi ilikuwa na mfumo ulioitwa SyRI, uliounganisha taarifa za watu kutoka ofisi mbalimbali, za kodi, za kazi, za makazi na za misaada ya serikali, kisha ukaonyesha ni nani wa kushukiwa udanganyifu. Mfumo huo haukupelekwa kila mahali. Ulipelekwa katika mitaa ya watu wa kipato kidogo na wahamiaji, ikiwemo Bloemhof na Hillesluis, kusini mwa mji huu, na wakazi hawakuelezwa vipimo vilivyotumiwa kuwapima. Mashirika ya haki za binadamu, chama cha wafanyakazi na waandishi wawili walikwenda mahakamani, na tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya The Hague iliamua kwamba sheria iliyouruhusu mfumo huo ilikiuka haki ya faragha inayolindwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Kashfa ya ruzuku ya malezi ya watoto ilikuwa na machungu zaidi. Idara ya kodi ilitumia mfumo wa kukadiria hatari, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulihesabiwa miongoni mwa dalili za kumshuku mwombaji. Wazazi, wengi wao wenye asili ya nje, waliamriwa kurudisha fedha zote walizopokea, wengine makumi ya maelfu ya euro, hata pale ambapo kosa lilikuwa sahihi iliyosahauliwa kwenye fomu. Miongoni mwa familia zilizodhulumiwa, zaidi ya watoto 1,000 waliondolewa majumbani mwao. Serikali ya waziri mkuu Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu hiyo. Barua za kodi huku huja katika bahasha ya buluu, na jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye yeye mwenyewe hakudaiwa chochote, bado huichukua bahasha hiyo kwa ncha za vidole, huisoma anwani mara mbili, kisha huiweka juu ya friji mpaka mwanawe arudi kazini aje kuifungua. Hofu ya aina hiyo haihesabiwi katika fidia yoyote, wala sijui mtambo unaoweza kuiona.

Baada ya hayo ndipo uwazi ulipokuja. Desemba 2022 serikali ilifungua mtandaoni daftari la taifa la algoridhimu, yaani kanuni za hesabu ambazo kompyuta huzifuata, baada ya Amsterdam kutangulia na daftari lake mwaka 2020. Nimelipitia mara nyingi. Kurasa zake hueleza ofisi husika, kusudi la mfumo, aina ya taarifa zinazotumiwa, nafasi ya mtumishi wa kibinadamu katika uamuzi, na pahali pa kupeleka swali. Si kila ofisi imeandikisha mifumo yake, lakini kitu hicho kipo, na mtu akiwa na subira anaweza kukisoma. Juu yake kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili unde, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na kutekelezwa kwa hatua. Tangu Februari 2025 imepiga marufuku matumizi kadhaa, na faini zake kubwa kabisa hufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kwa mwaka. Ninaishukuru sheria hiyo, kwa kuwa inanilinda mimi na wanangu. Hata hivyo, daftari limeandikwa kwa Kiholanzi cha ofisini ambacho majirani zangu wengi hawakiwezi, na hakuna mtu aliyekwenda Bloemhof kuwauliza wakazi kabla ya SyRI kuwafikia.

Kwetu mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine, na ninataka vijana wa Lamu wayakumbuke vizuri. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu uliendeshwa kwa kukiuka haki za wakazi, ikiwemo haki ya kupewa habari na ya kushirikishwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ingawa malipo yenyewe yalichelewa mno. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Sababu ya uamuzi huo ndiyo ninayotaka tuishike. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini ilikuwa ya utangulizi. Ripoti ya athari ilipokamilika, haikurudishwa kwa wananchi ipasavyo ili waielewe na kuijibu.

Ninaisisitiza tofauti hiyo kwa sababu ndiyo itakayotupata tena katika akili unde. Ni rahisi kuita watu ukumbini, kuwagawia maji ya chupa, kuwatangazia kwamba mfumo mpya wa kidijitali unakuja kuwarahisishia huduma, kuwapitishia karatasi ya mahudhurio watie sahihi, na baadaye kuandika kwamba umma ulishirikishwa. Lakini siku hiyo huwa bado haijaamuliwa mfumo utatupima kwa vigezo gani. Vipimo huchaguliwa baadaye, ofisini, na watu wasiowahi kupanda mashua kutoka Mokowe, na vikishachaguliwa havirudi tena ukumbini.

Sheria za kuzuia hayo hatukuzikosa. Katiba ya 2010 inaweka ushirikishwaji wa wananchi katika ibara ya 10 na haki ya kupata habari katika ibara ya 35. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka, katika kifungu cha 31, athari za mfumo wenye hatari kubwa kwa haki za watu zitathminiwe kabla ya kuanza kazi, na kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutotawaliwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake pale uamuzi huo unapomgusa kwa uzito. Sheria hiyo imekwisha kujaribiwa: Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi ya Huduma, kitambulisho cha kidijitali, ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini hiyo haikufanywa kwanza. Machi 2025 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Maneno ya ujumuishi yapo ya kutosha. Kinachopungua ni mahali ambapo mtu wa visiwa vya Pate au Ndau atakaa na kuulizwa.

Chukua suala la bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara anayejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, hujibu maswali kuhusu maisha ya nyumbani kwake, pamoja na nyumba imejengwa kwa vifaa gani, na majibu hayo huingia katika hesabu inayokadiria kipato cha kaya. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato hicho, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kusudi la kumtoza kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake ni jema, na ninaliunga mkono. Lakini hebu tuipeleke hesabu ya namna hiyo Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu. Nyumba ina kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko, zidaka ukutani, na mlango wa nakshi. Ndani anaishi mjane anayeshona kofia na kuuza vitumbua asubuhi. Nyumba si yake peke yake, ni mirathi isiyogawanywa baina ya ndugu ambao wengine wako Mombasa na wengine Arabuni. Hawezi kuiuza, na kwa kuwa mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, hawezi pia kuitengeneza kwa simiti na mabati kama apendavyo. Kila masika chokaa humwagika sakafuni, na fundi wa kuirudisha ni ghali. Nyumba ile inamla, wala haimlishi. Kisha nenda hadi kijiji cha Shela utazame paa za makuti. Baadhi yake ziko juu ya nyumba za wageni matajiri, zenye bwawa la kuogelea, kwa sababu makuti huleta ubaridi na yanapendeza macho. Kipimo kinachosema jiwe ni utajiri na makuti ni umasikini, ambacho pengine kingefaa bara, hapa kingewapindua watu kichwa chini.

Na bahari je? Mvuvi akiulizwa mapato yake wakati wa kaskazi atataja kiasi kimoja, na akiulizwa wakati wa kusi, bahari imechafuka na mashua imevutwa pwani, atataja kingine ambacho hakifiki hata robo ya kile cha kwanza, na mara zote mbili atakuwa amesema kweli. Haya si maarifa ya siri. Mzee yeyote wa baraza angeyaeleza kabla kahawa haijapoa, lau angeulizwa wakati maswali ya fomu yalipokuwa yakitungwa.

Lugha nayo ina sehemu yake, ingawa sitaikalia sana. Shangazi yangu, ambaye macho yake yamechoka, hutumia programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Husema Kiamu chake safi, yaani Kiswahili cha Lamu, polepole, simu ikiwa karibu na mdomo, na simu humwandikia sentensi ambazo hakuzisema, kisha yeye huifuta yote na kuanza upya kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, akiigiza sauti ya mtangazaji. Siku ambayo huduma ya zahanati au ya ardhi itapokewa kwa sauti, wazee wa Lamu, Wabajuni wa Faza na wa Kiunga, watalazimika kuigiza vivyo hivyo ili wahudumiwe. Wapo wanaokusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea, kama katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, na watafiti wa Masakhane wanafanya kazi ya kusifiwa kwa lugha za Afrika. Ninawaomba vijana wetu waingie humo. Ila wasiingie kama vibarua tu. Januari 2023 ilifichuliwa kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichambua maandishi ya kutisha ili kuisafisha ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi yao ilitumika dunia nzima, na hawakuwa na sauti katika lolote lililoamuliwa kuihusu.

Ni lazima pia tujitazame wenyewe. Hatuwezi kudai ujumuishi kutoka Nairobi kisha ukaishia katika mitaa ya mji wa Lamu, Langoni na Mkomani. Waaweer wa Basuba, wafugaji wa Kiorma, wakulima wa Mpeketoni na Witu ni watu wa kaunti hii, na mtambo utakaokadiria mavuno au usalama utawagusa wao kabla ya kutugusa sisi. Wanawake wasiokaa barazani Mkunguni wafuatwe waliko. Na sisi tulioko nje tusijipe kiti cha kuwasemea, kwa sababu hatutaishi na uamuzi huo.

Kwa hiyo ninaomba jambo lililo wazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hutakiwa kisheria kufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Wawakilishi wa wadi wa Lamu waitake serikali ya kaunti iuambatanishe mpango huo na orodha ya kila mfumo wa kompyuta unaosaidia kuamua nani apate basari, leseni, ruzuku au matibabu, ikielezwa kwa Kiswahili kila mfumo unatazama nini, ni mtumishi gani mwenye mamlaka ya kuubatilisha, na malalamiko yajibiwe kwa muda gani. Rasimu ya vipimo, na si tangazo la uzinduzi, ndiyo ipelekwe mikutanoni Faza, Kiunga, Mpeketoni na Amu, yaani mji wa Lamu, na irudi huko tena ikishabadilishwa. Kwa mifumo ya serikali kuu, ombi la habari kwa ibara ya 35 linaweza kuandikwa na raia yeyote, kwa Kiswahili. Nyaraka zikipatikana, nitumiwe. Nitazisoma sambamba na kurasa za daftari la huku na kuonyesha maswali ambayo Rotterdam walijifunza kuyauliza wakiwa wamekwisha kuumia.