Pangaboi la mjomba limeniumbua

Kabla hamjaniuliza: sikulia. Lile ni jasho. Aliyerusha video kwenye magrupu na kuandika "mwanasayansi wa Ngamiani atokwa machozi" ni sahibu yangu mwenyewe, aliyenimulikia tochi usiku kucha nikifunga ile mashine yangu ya kujizungusha milele bila umeme. Kwa hiyo aibu ni yetu sote wawili, yeye kaikimbia tu. Sasa sikilizeni kutoka kwa mwenye msiba.

Mashine mmeiona. Rimu ya baiskeli ya inchi 28 (Tanga hii nani hana rimu mbovu uani?), mikono kumi na miwili niliyoikata kwenye dumu la mafuta ya kula, mipana ya kiganja, kila mmoja una bawaba na kichupa cha mchanga nchani. Mkono ukishuka unajinyoosha nje, ukipanda unajikunja. Maana yake upande wa kushuka uzito uko mbali na ekseli, upande wa kupanda uko karibu. Upande mmoja unazidi nguvu milele! Unaisukuma mara moja, basi. Ukifunga na dainamo, luku kwaheri. Na msinicheke, wazo hili si langu peke yangu: Bhaskara, bingwa wa hesabu wa India, alieleza gurudumu la namna hii kwenye miaka ya 1150, yeye akitumia zebaki.

Na ilizunguka! Hilo sahibu halisemi kwenye video yake. Tuliipandisha juu ya slabu kwa mjomba, tukaiacha jioni, alfajiri natoka msikitini naikuta bado inakwenda, taka-taka-taka. Nilikaa chini. Wallahi nilianza kufikiria nivae nini siku ya kupokea tuzo.

Nikatangaza barazani: Jumamosi baada ya isha, sebuleni kwa mjomba, watu waje waone.

Wakaja. Akaja na yule mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye hata ukimsalimia anakusahihisha. Badala ya kukaa, akainama kuchungulia chini ya meza. Mjomba akamuuliza amepoteza nini. "Namtafuta mzee," akasema. Ndipo akatusimulia ya Charles Redheffer, Mmarekani aliyekuwa akitoza watu viingilio waone mashine yake isiyosimama. Mwaka 1813 aliionyesha New York. Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akasikia mlio wake hauendi sawa, akabandua vibao ukutani, akakuta kamba ya utumbo wa mnyama inayopanda mpaka chumba cha juu. Huko juu mzee mwenye ndevu amekaa anazungusha mpini, mkono wa pili kashika mkate anatafuna.

Watu wakaniangalia. Mimi damu ikanichemka. Nikasema hapa hakuna mzee wala kamba. Nikafunga madirisha. Nikashusha mapazia. Nikafunga mlango. Halafu, jamani, kwa mkono wangu huu huu, bila kuombwa na mtu, nikazima pangaboi. "Asije mtu akasema feni imenisaidia."

Nikasukuma.

Mzunguko wa kwanza, safi. Watu wakasema mashallah. Wa pili, vichupa vikawa vinagonga polepole, kama vinajiuliza. Wa tatu, mkono mmoja ukafika karibu na kileleni, ukasita. Nikausihi kimoyomoyo. Ukarudi nyuma. Gurudumu zima likarudi nalo, likaenda mbele kidogo, likarudi, likatulia. Kimya. Jasho linanitona puani, mmeliona kwenye video, na sahibu naye akaisogeza kamera karibu, Mungu anamwona.

Mwalimu akasogea na bakora yake akaanza kuhesabu kwa sauti, kama yuko darasani. Upande wa kushuka, mikono mitano. Upande wa kupanda, saba. "Hii mitano iko mbali, lakini ni mitano. Hii saba iko karibu, lakini ni saba. Imekabana. Na msuguano wa ekseli unakula kile ulichosukuma." Akaongeza kwamba Akademia ya Sayansi ya Paris iliacha kupokea mashine za hivi tangu mwaka 1775. Mwalimu, hilo la Paris lilikuwa na ulazima gani?

Wakati huo mkaza mjomba akaingia na birika la kahawa na kashata. Akasema, "Mbona mwajichoma humu?" Akawasha pangaboi.

Mkono ukatikisika. Gurudumu likasogea. Likazunguka! Hapa ndipo ile sehemu mnayoirudiarudia, mimi ninaporuka na kupiga kelele "Mnaona! Mnaona! Mwalimu, hesabu tena!" na kumkumbatia mzee wa watu nisiyemjua.

Mjomba akasimama, akaenda kwenye swichi. Akazima. Gurudumu likasimama. Akawasha. Likazunguka. Akazima, akawasha, akazima, ananitazama mimi tu. Pangaboi linasukuma upepo chini, mikono iliyonyooka inaubeba, iliyojikunja inaukwepa. Na kule juu ya slabu ilikuwa upepo wa kusi.

"Bwana mdogo," akasema mjomba, "mashine yako ya kufuta luku inakula luku yangu."

Yaliyobaki mnayajua. Kashata sikula. Mkaza mjomba anadai dumu lake, watoto wa mtaani wananiita Pangaboi, na mwalimu kaniletea daftari la kidato cha pili. Jana kuna mtu kaniandikia kutoka Pongwe, kaona video, anaulizia kama naweza kumtengenezea moja ya kufukuzia ndege shambani, maana vichupa vinapiga kelele vizuri. Nimemtajia bei. Hajajibu bado.