Wapiga vyombo nao watajwe

Ndugu mwandishi, asante kwa makala yako kuhusu washindi wa tuzo za muziki, iliyotukumbusha usiku ule wa 2014, Diamond Platnumz alipobeba tuzo 7 za Kili, yaani tuzo za muziki za Tanzania. Ila umewaeleza washindi kana kwamba wimbo hutoka mdomoni mwa mtu mmoja tu. Baba yangu mdogo amepiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi zaidi ya miaka 20. Ncha za vidole vyake vya mkono wa kushoto zimekuwa ngumu kama kwato. Ukimpa kikombe cha chai ya moto anakishika bila kushtuka. Tuzo ziliposimama baada ya 2015 hadi zikarudi 2022 chini ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), yeye aliendelea kupiga kila wikendi. Dansi na taarabu zilikuwepo kabla Bongo Fleva haijapata jina, jamani!

Naombeni sana, jina la mshindi linapotajwa, litajwe na la mtayarishaji, la mpiga gitaa, la mpiga kinanda. Na vipengele vya taarabu visipitishwe harakaharaka watu wakiwa bado wanatafuta viti. Mama zetu nao hukesha mbele ya runinga kuvisubiri.