Bidoni Mia Moja kwa Siku

Kijana anayegawa fakitire, yaani bili za maji, hukaa kwetu, hunywa chai, huuliza habari za watoto. Safari hii alinipa karatasi getini akageuka mbio. Nikaisoma. Kwa kawaida tunatumia mita za ujazo 15 kwa mwezi. Mwezi wa saba: 60.

Mama watoto hajui mambo ya mita za ujazo. Yeye amekua akiteka maji Ziwa Kivu, anahesabu kwa bidoni za manjano za lita 20. Akakaa kwenye kibao, akachora chini kwa kijiti: mita moja, bidoni 50. Mita 60, bidoni 3,000. Gawa kwa siku 30.

"Bidoni mia moja kwa siku, baba watoto. Tuko watu saba. Umefuga kiboko?"

Nikaanza kushuku watu. Wa kwanza ni kifungua mimba wangu, anayeoga mpaka amalize wimbo, na wimbo akiupenda anaurudia. Wa pili, jirani wa nyuma, ambaye mashuka yake yalikuwa yameanza kuwa meupe kupita kiasi. Mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara akaniambia niache kuonea watu: kwetu Goma maji huja yakijisikia, na yakirudi husukuma hewa iliyojaa bombani, hewa nayo huzungusha kontere, kile chombo cha kupima maji. "Ndugu yangu, unalipa upepo." Ni kweli hewa inazungusha kontere. Lakini upepo wa mita za ujazo 45 si ungeng'oa bati?

Nikazunguka palseli nzima nikitafuta unyevu. Nyumba yetu ya Murara imekaa juu ya lava iliyoshuka Nyiragongo Januari 2002. Ni jiwe jeusi kila mahali, na wakati huo wa kiangazi lilikuwa kavu kama bisikuti. Hakuna hata tone. Kitu pekee cha kupendeza ni lenga-lenga, yaani mchicha, iliyoota chini ya mti wa kamba ya kuanikia, mti niliousimika mwenyewe kwa mtaimbo wiki chache nyuma. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni: tazameni rutuba ya volkano.

Plombie, fundi wa bomba, akanielekeza kwa simu. Funga robine zote, tazama kigurudumu kidogo cha kontere. Nikafunga. Kikaendelea kuzunguka, pole pole, kama mzee anayekwenda misa. Basi jaribu choo, akasema: tia rangi kwenye tangi, usivute maji, ngoja nusu saa. Rangi ikionekana chini kwenye sinki la choo, ujue ule mpira wa tangi hauzibi.

Rangi gani? Jikoni kulikuwa na sufuria ya maji mekundu ya beterave zilizochemshwa. Nikamimina yote, nikarudi kwenye kontere.

Sijasema kwamba mama mkwe wangu alikuwa kwetu tangu mwisho wa Juni, kutoka Butembo. Hata ile kamba ya kuanikia niliiweka kwa heshima yake. Naye, katika nusu saa hiyo hiyo, akaingia chooni.

Nikasikia "Yesu wangu!" Mlango ukabamizwa. Minong'ono. Mama watoto akatoka mbio akijifunga kitenge cha pili. "Tafuta teksi! Mama anatoka damu!" Jirani wa mashuka meupe alikuwa ameshafika, ameshika kichwa, ameanza wimbo wa maombi.

"Si damu," nikasema. "Ni beterave."

"Nani amekula beterave?"

"Choo."

Wimbo ukakatika. Mbaya zaidi, nilikuwa na swali: Mama aliona wekundu kabla ya kuvuta maji, au baada? Jaribio zima lilikuwa limesimama hapo. Lakini mkwe gani anamuuliza mama mkwe jambo kama hilo? Nikamtuma kitinda mimba, miaka sita, amnong'oneze. Akasimama katikati ya palseli akapiga kelele: "Koko! Papa anauliza, uliona kabla ya kuvuta ama nyuma?"

Jibu lilitoka ndani, kavu. "Kabla."

Tukabadilisha mpira. Kigurudumu kikapunguza mwendo, lakini hakikusimama.

Siku mbili mama mkwe hakunisemesha. Chumvi aliiomba kupitia mtoto. Siku ya tatu akiwa anaanika nguo, akaita: "Mwambie baba yako, kwetu sisi ni walimaji. Lenga-lenga haioti juu ya jiwe wakati wa kiangazi. Nani anaimwagilia?"

Tukatazamana. Plombie akaja, akabomoa jiwe kuzunguka mti. Mtaimbo wangu ulikuwa umepasua bomba la plastiki pale pale. Maji yalikuwa yakitoka kwa raha zake na kuzama moja kwa moja: lava yetu ina matundu, mvua yenyewe inanyesha Goma na hatuoni kijito. Dimbwi lingetoka wapi?

Nilimwomba radhi jirani wa mashuka. Kifungua mimba wa wimbo, sikumwomba.

Jioni mama watoto akang'oa lenga-lenga yote, akaipika kwa mawese, akagawa fakitire kwa idadi ya sahani, akatutangazia bei kabla hatujanawa mikono. Mama mkwe alimaliza sahani yake, akaisukuma mbele.

"Mwambie baba yako aniongeze. Ila beterave, hapana."