Mtoto akikamatwa, mtaa uko wapi?

Tanga, waja leo waondoka leo. Ila mtoto wa miaka 15 akiingia ile mahabusu ya watoto tuliyo nayo hapa mjini, na nyumbani hana wa kumfuata, haondoki leo wala kesho.

Wengi hulaumu sheria. Mimi siilaumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho Irambo, kule Mbeya. Kinachowaweka watoto ndani ni ule muda kabla ya hukumu: upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa, rudi baada ya siku 14. Mwenye mzazi aliyeshika kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa mtaa anapata dhamana. Mwenzake aliyetoka Handeni kuja kuuza mayai ya kuchemsha, usiku analala popote, nani wa kumdhamini?

Na sisi wa mtaani ndiyo kabisa. Simu ikiibwa Makorora, kwanza kipigo (akifika polisi mzima amshukuru Mungu), halafu kituoni, halafu tunarudi kwenye kahawa, yamekwisha. Mwenye simu ukimuuliza vizuri anataka simu yake tu. Siku ya ushahidi utamtafuta usimwone, maana ni siku ya kazi.

Mambo kama hayo yangemalizwa kwa mwenyekiti: mwenye mali yupo, mama mtu yupo, afisa ustawi wa jamii anaandika, simu irudi au ilipwe kidogo kidogo. Nasema wizi mdogo na ugomvi wa vijana. Ubakaji na ulawiti visiguswe humo. Tumeshazifukia kesi za namna hiyo vya kutosha kwa jina la kuyamaliza kifamilia.

Temeke, kule Dar es Salaam, walianza mwaka 2012 mpango wa kumrekebisha mtoto akiwa kwao. Anaendelea kuishi nyumbani, anahudhuria kituo cha mpango huo, na kuna mtu anayemfuatilia yeye pamoja na mlezi wake. Sioni kwa nini sisi tushindwe. Gereji zimejaa barabara za Ngamiani, na fundi hakosi kazi ya kumpa kijana wa kushika spana. Ila fundi naye ana maswali yake: akiniibia, nani analipa? Chakula cha mchana ni cha nani? Ukimjibu kwa mahubiri atakuitikia, "Sawa mwalimu," kisha ataingia chini ya gari lake.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana kinachokubali kumpokea mtoto wa kesi kingepewa kipaumbele kwenye fungu hilo. Naomba madiwani wetu wajadili hili katika kikao, na fundi mmoja aitwe aulize maswali yake mwenyewe.