Mtu kakabwa koo sisi tunacheka: muvi za Miss Marple wa Margaret Rutherford

Kuna muvi nne za Kiingereza, za 1961 mpaka 1964, nyeusi na nyeupe, kila moja kama saa moja na nusu hivi, Margaret Rutherford ndo Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, na kila nikiziangalia najiuliza, hivi mtu kauawa kwenye treni halafu mimi nimejilaza kwenye kochi nacheka, kulikoni?

Maana ile ya kwanza, Murder, She Said, inaanza hivyo hivyo. Treni mbili zinaenda sambamba, bibi anachungulia dirishani anaona mwanamke anakabwa kwenye ile nyingine, anaripoti, hakuna anayemwamini, wanaona ni kizee tu kimesoma sana hadithi za mauaji. Basi anaenda kuomba kazi ya ndani kwenye jumba la matajiri ili maiti aitafute mwenyewe! Utamu kwangu uko hapo, wala sio kujua muuaji ni nani, ni kumuona mtu aliyedharauliwa kwa uzee wake anawazidi akili mapolisi wote. Na Rutherford alikuwa na miaka kama 70 hivi jamani, kwenye hizi muvi anapanda farasi, anacheza twisti, anapigana mpaka na upanga. Yule Mr Stringer anayemfuata nyuma kwa uoga uoga ni mume wake wa kweli, Stringer Davis, ndo maana wanaelewana hata kwa macho.

Wasiozipenda nao wana hoja. Agatha Christie mwenyewe hakuzifurahia. Marple wake wa vitabuni ni bibi mpole, mwembamba, anafuma huku sikio liko wazi, huyu wa kwenye muvi ni tingatinga. Tena mbili kati ya hizo vitabuni ni kesi za Poirot kabisa, mpelelezi mwingine wa Christie, wakamtoa wakamuingiza bibi. Mimi hilo halinisumbui, maana hata Christie kitabu chake cha 1962 alimtunukia Rutherford kwa heshima, kwa hiyo ugomvi haukuwa na yeye.

Linalonisumbua ni marehemu kukosa thamani, hakuna anayelia. Kwenye Murder Most Foul, Marple ni mmoja wa raia 12 wanaoamua kesi ya mauaji, wenzake 11 wanasema jamaa ana hatia, yeye kagoma. Inachezwa kiutani kabisa, ila Uingereza ilikuwa bado inanyonga watu, wa mwisho walinyongwa Agosti 1964, mwaka huo huo wa muvi. Yaani kitanzi kipo nyuma ya pazia na muziki wa Ron Goodwin unadundadunda kama hakuna kitu. Ingawa, tuseme ukweli, ubishi wa yule bibi ndo unamuokoa mtu.

Na usiniambie ni vichekesho tu. Green for Danger ya 1946 nayo inachekesha, hospitali wakati wa vita, mabomu ya Wajerumani yanapita juu, Alastair Sim ni inspekta mwenye majivuno ya kufa mtu, unacheka weee, mwishoni kosa lake yeye mwenyewe linagharimu uhai wa mtu na kicheko kinakukwama kooni. Kumbe inawezekana.

Halafu angalia ya nne, Murder Ahoy, ambayo haikutoka kwenye kitabu cha Christie, wakajitungia wenyewe, wakampeleka bibi melini kwa sare na mbwembwe zote na fumbo lenyewe jepesi, mimi nilisinzia. Utani ukibaki peke yake bila mauaji ya kukuumiza kichwa unachosha haraka sana.

Ukitaka kuanza anza na ile ya 1961, na umtazame vizuri mfanyakazi wa lile jumba, Mrs Kidder. Huyo ni Joan Hickson, ambaye kuanzia 1984 akawa yeye ndo Marple wa BBC, yule mkimya wa vitabuni.