Njia ikikatika, nani alipe siku?

Kuna imani huko nyumbani Tanga ambayo nimechoka kuijibu kwa simu: kwamba Ulaya theluji ikianguka watu hulala majumbani na mshahara unaingia kama kawaida. Mie naishi Cardiff, huko Wales, Uingereza, nafanya kazi ghalani, na nawaambieni si hivyo.

Sheria ya Uingereza haimpi mfanyakazi haki ya kulipwa siku aliyoshindwa kufika kazini kwa sababu ya hali ya hewa. Treni zimesimama, mabasi hayapo, barabara ni barafu tupu: hayo ni yako. Mkataba ukisema utalipwa, utalipwa. Mkataba ukinyamaza, unabaki na huruma ya bosi, au siku hiyo inakatwa kwenye likizo yako ya mwaka. Mambo hubadilika pale mwajiri mwenyewe anapofunga mlango. Wewe ulikuwa tayari kufanya kazi, yeye kasema msije, basi kwa kawaida siku hiyo anailipa. Hicho ndicho kitu cha huku ninachowatamania watu wa kwetu.

Lakini hata hicho kina matundu. Tarehe 18 Februari 2022 ilikuja dhoruba waliyoiita Eunice. Idara yao ya hali ya hewa ilitoa tahadhari nyekundu, ambayo hakuna iliyo juu yake. Wales nzima treni hazikutembea na shule nyingi zikafungwa au zikahamia mtandaoni. Wenye kazi za ofisini walifungua kompyuta jikoni kwao na siku ikahesabiwa. Sisi je? Boksi halibebwi kwa intaneti. Ghala lilifungwa, na walioajiriwa moja kwa moja walilipwa. Tulioletwa na wakala, kwa mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi, tulipata ujumbe wa simu kwamba leo hakuna zamu. Na kama hakuna zamu, hakuna hela. Mzazi ambaye shule ya mtoto imefungwa ghafla ana haki ya kubaki naye, ila sheria haimlazimishi mwajiri kuulipia muda huo. Kwa hiyo mnaoniuliza kama nililipwa kukaa nikitazama upepo: la, sikulipwa, na kodi ya chumba ilikuwa pale pale.

Huko kwetu kibarua wa zege au wa kupakia saruji hana mvua yenye malipo, na hilo si jipya. Wakati wa mkoloni mkata mkonge alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Siku ambayo hakufanya kazi haikutiwa alama, na mshahara ulisubiri mpaka kipande kijae. Kipande kimeondoka, hesabu imebaki ile ile.

Mwenye mkataba ana afadhali, lakini si kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku za likizo yenye malipo mtoto akiugua au ukifiwa na mtu wa karibu. Mafuriko hayamo. Kanuni za 2007 nazo zinasema kukosa kazi zaidi ya siku tano bila ruhusa au sababu ya kukubalika kunaweza kukufukuzisha. Sasa maji yakijaa uani Makorora, pale Tanga, bajaji zikagoma kupita, hiyo ni sababu ya kukubalika? Jibu analo bosi. Binamu yangu ni muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Tajiri wake alimpigia simu mwenyewe asubuhi, "Tulia mwanangu, tutaonana maji yakipungua," na mwisho wa mwezi hakukata kitu. Shemeji yangu, mji huo huo, mvua hiyo hiyo, alifika saa nne akiwa amelowa mpaka kiunoni na akakatwa nusu siku.

Najua mtaniambia huo wema wa tajiri wa Ngamiani Ulaya haupo. Kweli haupo. Aliyenitumia ule ujumbe wa zamu hata sura yangu haijui. Ila wema wa bosi huwezi kuupigia bajeti, na shemeji ni shahidi.

Wala hatuwezi tena kusema mvua imetushtukiza. Masika tunaijua ni Machi mpaka Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hizi inatangaza mapema. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifuatiliwa tangu kikiwa baharini, na boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Kinachokosekana ni karatasi ya kazini inayosema siku kama hizo mshahara unakwendaje.

Mahali pa kuliandika hilo papo, panaitwa mkataba wa hali bora, na vyama vya wafanyakazi kama TUICO cha viwanda na biashara na DOWUTA cha bandarini ndiyo kazi yao kuujadili na waajiri. Iwekwe humo: mwajiri akifunga, alipe siku nzima, njia ikikatika na mfanyakazi akatoa taarifa asubuhi, alipwe walau nusu na asihesabiwe mtoro. Na kibarua aliyekwisha kuitwa, akafika, kisha akarudishwa getini kwa mvua, alipwe angalau nauli na saa chache. Kwa huyo wa mwisho ndipo waajiri watakapobisha zaidi, kwa hiyo vyama vianze naye.